Mtaka Uzuri na Mwenye Kudhurika: Historia ya Kutoga Masikio ya Watoto na Mamlaka ya Wazazi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mtaka uzuri hudhurika. Methali hiyo hutumiwa kwa kawaida kumliwaza mtu aliyekubali maumivu kwa ajili ya pambo: aliyesukwa nywele zikamvuta, au aliyevaa viatu vikambana. Lakini ikitazamwa kwa makini, methali hii imejengwa juu ya sharti moja lisilotamkwa, nalo ni kwamba yule atakaye uzuri na yule adhurikaye ni mtu mmoja. Mtoto mchanga anapopakatwa na kushikwa kichwa ili sindano ipenye katika sikio lake, sharti hilo huvunjika. Atakaye uzuri ni mama, au nyanya, au shangazi. Adhurikaye ni mtoto, ambaye hajui uzuri ni nini wala hana ulimi wa kukataa.

Je, ni haki ya wazazi kuamua jambo hilo kwa niaba ya mtoto? Swali hili hudhaniwa na wengi kuwa ni la kisasa, lililoletwa na sheria za haki za watoto na elimu ya kigeni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Swali ni la kale. Lilijadiliwa na wanavyuoni wa Kiislamu karne nyingi zilizopita, likajibiwa kwa namna mbalimbali na jamii za pwani na za bara, na athari za majibu hayo zimehifadhiwa katika msamiati wa Kiswahili wenyewe. Kwa hiyo yafaa kuanza na lugha.

Ushahidi wa Lugha

Kitenzi cha asili cha tendo hili ni kutoga. Hakina maana pana kama ya kutoboa. Gunia hutobolewa, ukuta hutobolewa, hata siri hutobolewa. Lakini kinachotogwa ni kiungo cha mwili, hasa sikio, kwa ajili ya pambo. Karibu nacho kipo kitenzi kutoja, chenye maana ya kuchanja chale mwilini. Vitenzi hivi viwili vyaonyesha kwamba wasemaji wa Kiswahili tangu zamani walitenga jeraha linalotiwa kwa makusudi na kwa kanuni kutoka katika jeraha la ajali au la uadui, wakalipa majina yake mbali.

La kuzingatiwa zaidi ni neno ndewe. Neno hili lina maana mbili: ni ile sehemu laini ya chini ya sikio, na pia ni tundu lililotogwa hapo. Nyama na tundu vina jina moja, kana kwamba lugha haikuona haja ya kuitaja nyama hiyo ila kwa sababu ya tundu litakalokuwamo. Huu ni ushahidi wa jinsi desturi ilivyokita mizizi. Mapambo nayo yalikuwa na mahali pake: jasi lilikaa katika ndewe, kipuli kilining'inia, na kipini kilikuwa cha pua. Neno herini, ambalo leo limeyameza karibu majina yote hayo, ni la mkopo na la baadaye.

Sarufi pia ina la kusema. Mtu mzima aliyekwenda kwa hiari yake husemwa kwamba ametoga masikio, kama vile aliyeketi mbele ya kinyozi husemwa kwamba amenyoa, ingawa wembe haukuwa mkononi mwake. Mtoto mchanga hawezi kutajwa hivyo, yeye ametogwa. Kauli ya kutendwa yamweka mahali pake halisi: ni mtendwa wa tendo la watu wengine. Kadhalika, mtu anayekataa jambo katakata husemwa kwamba hataki ndewe wala sikio. Ni msemo wa mtu mwenye sauti. Mtoto wa siku saba hana namna ya kuutamka.

Desturi ya Pwani

Ushahidi mmoja ulio wazi kuhusu umri wa watoto waliotogwa watoka Unguja. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo ameeleza kwamba binti aliyezaliwa katika nyumba ya kifalme alitogwa masikio siku ya saba. Kila sikio lilitiwa matundu kadhaa, kwa kawaida sita, kwa sindano na uzi wa hariri nyekundu, na baada ya muda pete nzito za dhahabu zikachukua mahali pa uzi.

Siku ya saba haikuwa siku yoyote tu. Ndiyo siku ambayo katika Uislamu hupendekezwa mtoto afanyiwe akika, anyolewe nywele na apewe jina. Maana yake ni kwamba kutoga kulifanyika katika majira yale yale ya kumwingiza mtoto katika ukoo na katika umma. Sikio lenye uzi mwekundu lilikuwa tangazo: huyu ni binti, huyu ana wenyewe, na dhahabu yake iko njiani. Wala desturi haikuwa ya jumba la kifalme pekee. Picha zilizopigwa Unguja na katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zawaonyesha wanawake wenye majasi makubwa ya duara, na wengine wenye karatasi za rangi zilizokunjwa na kutiwa katika matundu yaliyozunguka ukingo wa sikio. Asiyekuwa na dhahabu alijaza tundu kwa karatasi. Tundu lenyewe hakulikosa.

Kwa hiyo jibu la pwani lilikuwa bayana. Mwamuzi alikuwa mzazi, tena aghalabu mwanamke, na uamuzi ulipitishwa mapema iwezekanavyo. Sababu zilizotolewa, ambazo hata leo husikika Mombasa na Lamu, ni tatu: kwamba sikio la mtoto mchanga ni laini na hupona upesi, kwamba mtoto hatakumbuka maumivu, na kwamba binti asiyetogwa ataonekana kuwa amepuuzwa na wazazi wake. Sababu ya kwanza ni ya mwili, ya pili ni ya kumbukumbu, na ya tatu ni ya heshima. Kila moja itapimwa mahali pake.

Hoja za Wanavyuoni

Ingekuwa makosa kudhani kwamba dini iliyotawala pwani ililikubali jambo hili bila mjadala. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye ni miongoni mwa wanavyuoni wakubwa wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, alilikataa katika kitabu chake mashuhuri cha Ihya. Hoja yake ilikuwa ya kisheria. Kutoga sikio la binti ili kutungikwa dhahabu ni kujeruhi, na jeraha la namna hiyo likitiwa kwa uadui lingestahili kisasi. Jeraha haliwi halali ila kwa haja kubwa, kama vile kuumika damu au kutahiri. Na pambo si haja kubwa, kwa kuwa yapo mapambo mengine ya shingo na ya mkono yasiyohitaji tundu. Akaongeza kwamba kuzoeleka kwa jambo hakulifanyi kuwa halali.

Hoja hiyo haikupita bila kujibiwa. Wanavyuoni wengine, wakiwamo wa madhehebu yake mwenyewe, walitaja Hadithi isimuliayo jinsi wanawake walivyotoa sadaka siku ya Idi kwa kuvua vipuli vyao na kuvitia katika nguo ya Bilali. Ikiwa wanawake wa zama za Mtume walikuwa na masikio yaliyotogwa naye hakuwakemea, basi jambo lenyewe ni halali. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Kihanbali aliyefariki mwaka 1350, alilizungumza katika kitabu chake kihusucho hukumu za mtoto mchanga. Alilijuzisha kwa binti, kwa kuwa binti ana haja ya kujipamba, na akalichukia kwa mtoto wa kiume, kwa kuwa kwake yeye ni kukatwa sehemu ya mwili bila faida ya dini wala ya dunia.

Katika mjadala huu mna mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni kwamba pande zote mbili zilikubaliana juu ya kanuni: mwili wa mtoto si mali ya mzazi, na kila jeraha lataka sababu. Walitofautiana tu juu ya uzito wa sababu. La pili ni kwamba Hadithi ya vipuli yathibitisha uhalali wa pambo kwa mwanamke mzima, lakini haisemi alitogwa lini wala na nani. Pengo hilo lilizibwa na desturi. Wanawake wa pwani hawakusubiri hukumu ya mwisho ya vitabu. Waliendelea kutoga, na uzi mwekundu ukaishinda kalamu ya Ghazali.

Wahindi waliofanya makao Kenya walikuja na jibu lao. Kwa Wahindu kutoga masikio, kuitwako karnavedha, kumehesabiwa miongoni mwa ibada kumi na sita za maisha ya mwanadamu. Kitabu cha kale cha utabibu kiitwacho Susruta Samhita chataja mwezi wa sita au wa saba tangu kuzaliwa kuwa wakati ufaao, mvulana akianzwa sikio la kulia na msichana la kushoto, na sababu zake ni kinga pamoja na pambo. Hapa tofauti ya Ibn al-Qayyim kati ya mvulana na msichana haipo. Kinachoonekana ni kwamba jamii ikishaliita jambo kuwa ni kinga, hoja ya haja hupata jibu kwa urahisi.

Desturi za Bara

Katika jamii nyingi za bara ya Kenya tendo hili lilikaa mahali pengine katika maisha ya mtu. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Agikuyu, Facing Mount Kenya, aliliweka miongoni mwa hatua za makuzi: mtoto alitogwa kwanza ukingo wa juu wa sikio na baadaye ndewe, na hatua hizo zilitangulia tohara. Wamaasai nao, pamoja na jamii kadhaa za Wakalenjin, waliwatoga wavulana na wasichana, kisha ndewe ikapanuliwa polepole kwa vijiti na vipande vya mti vilivyoongezwa ukubwa, mpaka ikaning'inia kuelekea begani.

Tofauti na pwani yaonekana katika mambo mawili. Kwanza, aliyetogwa hakuwa mtoto wa siku saba bali mtoto aliyekwisha kufahamu. Alijua kwamba litauma, alijua kwa nini, na alijua kwamba wenzake wanamtazama. Pili, kazi haikumalizika kwa mtogaji. Kupanua ndewe kulitaka miezi na miaka ya uvumilivu wa mtoto mwenyewe, ambaye alibadilisha kijiti kwa kijiti. Maumivu yalikuwa somo, na mwanafunzi alihudhuria somo lake.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba hiari hiyo ilikuwa kamili. Mtoto mwenye kufahamu pia hufahamu aibu. Mahali ambapo kila rika limetogwa, asiyetaka hana pa kwenda. Kwa hiyo mtoto wa bara alishiriki zaidi kuliko mtoto wa pwani, lakini kushiriki si kuamua. Mwamuzi alikuwa jamii, na mzazi alikuwa mtekelezaji.

Misheni, Shule na Serikali

Ukoloni ulileta mwamuzi wa tatu. Katika misheni nyingi ndewe iliyopanuliwa ilihesabiwa kuwa alama ya ushenzi, na kijana aliyetaka kusoma au kuajiriwa alijikuta amebeba sikioni historia aliyofundishwa kuionea haya. Wapo waliozikunja ndewe zao na kuzipachika juu ya sikio ili zisionekane, na wapo waliokwenda hospitali kushonwa. Jambo hili lina maana kubwa katika mjadala wa sasa. Sikio lililotogwa kwa heshima likashonwa kwa heshima. Tofauti ni kwamba heshima ya kwanza ilitolewa na wazee na ya pili na walimu. Uamuzi uliofanywa mtoto akiwa mdogo ulilipiwa na mtu mzima katika ulimwengu ambao wazazi wake hawakuweza kuutabiri.

Pamoja na hayo kutoga hakukuzusha vita kama vile vya mwaka 1929, misheni zilipogombana na Agikuyu kuhusu tohara ya wasichana. Sababu haiko mbali. Jeraha la ndewe ni dogo, halikati uwezo wowote wa mwili, na mabibi wa Kizungu wenyewe walivaa vipuli. Lililopigwa vita lilikuwa ukubwa wa tundu, si tundu. Upinzani huo haukuwa utetezi wa mtoto. Ulikuwa ni desturi moja kuihukumu nyingine.

Baada ya uhuru shule zilirithi mamlaka hayo. Katika shule nyingi za Kenya mwanafunzi haruhusiwi kuvaa herini, na kila aliyepitia huko anakijua kijiti cha ufagio kinachotiwa katika ndewe ili tundu lisizibe kabla ya likizo. Kijiti hicho kidogo ni muhtasari wa historia nzima: mzazi ametoga, mwalimu amekataza, na msichana, akiwa hatimaye na neno la kusema, anachagua kulilinda tundu ambalo hakulichagua.

Serikali nayo imeingia kwa njia ya sheria. Kenya iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na mkataba huo wataka maoni ya mtoto yazingatiwe kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, yamkinga mtoto na mila zenye madhara na yaweka masilahi yake mbele katika kila jambo limhusulo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeyakataza matendo kadhaa kwa majina, yakiwamo ukeketaji na ndoa za utotoni. Kutoga kumebaki mikononi mwa wazazi.

Uamuzi ni wa Nani?

Sababu tatu za pwani zaweza sasa kupimwa. Ile ya mwili ina ukweli ndani yake. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba, miongoni mwa watu wenye mwelekeo wa kupata keloidi, yaani makovu yanayovimba, waliotogwa kabla ya umri wa miaka 11 walipata makovu hayo kwa uchache kuliko waliotogwa baadaye. Jambo hili lawahusu Waafrika hasa, kwa kuwa makovu ya aina hiyo huwapata zaidi. Lakini kabla ya miaka 11 si sawa na siku ya saba. Chanjo za mtoto dhidi ya pepopunda nchini Kenya huanza akiwa na majuma sita, na sindano isiyo safi haijui heshima ya ukoo. Tena kinachopona upesi ni ndewe. Gegedu la ukingo wa juu likishikwa na usaha huweza kuharibika na kuuacha umbo la sikio limepotoka. Kwa hiyo hoja ya mwili, ikifuatwa mpaka mwisho wake, yaelekeza kwenye utoto wenye fahamu wala si kwenye uchanga.

Sababu ya kumbukumbu ndiyo dhaifu kuliko zote. Kutokumbuka si kukubali. Lau kusahau kungekuwa idhini, basi hakuna kosa ambalo lingeweza kutendwa kwa mtoto mchanga. Wasemao hivyo humfariji mzazi, hawamtetei mtoto.

Sababu ya heshima ni nzito zaidi kuliko wapinzani wa desturi wanavyokiri. Mtoto hazaliwi katika uwanja mtupu. Jina, lugha, dini na chakula huchaguliwa na wengine, na hayo humbadilisha kuliko tundu la sindano. Mzazi asiyeamua lolote hajamwachia mtoto uhuru, amemwachia ukiwa. Sikio halipiti kichwa, na katika miaka ya mwanzo mzazi ndiye kichwa. Lakini methali hiyo yafundisha pia wajibu wa kichwa: sikio limepandwa pembeni mwake, si chini ya miguu yake, na likiuma kichwa chote huuma. Mamlaka ya mzazi ni amana, na amana hulindwa kwa ajili ya mwenyewe mpaka atakapokuja kuidai.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa haitoi hukumu moja kwa kila nyumba, ila yaondoa madai mawili. La kwanza ni dai la kwamba mila zetu hazikuwa na shaka juu ya jambo hili. Shaka ilikuwapo, na ilisemwa waziwazi na watu waliokuwa nguzo za mila na dini. La pili ni dai la kwamba kumsubiri mtoto afahamu ni fikra ya kigeni. Wazee wa bara waliwatoga watoto waliokwisha kufahamu kabla misheni yoyote haijajengwa.

Yaliyobaki yafuata kutoka humo. Ndewe moja, iliyotogwa kwa sindano safi baada ya chanjo, ni jeraha dogo ambalo mzazi aweza kuliamua bila kuitwa mdhalimu. Ukingo wa sikio, matundu mengi na upanuzi wa ndewe ni mambo ya kumsubiri mwenyewe. Na kama hakuna kinachoharakisha, kumsubiri ni bora hata kwa ile ndewe moja, kwa sababu iliyokwisha kuonekana katika sarufi. Msichana wa miaka saba au minane akiketi mwenyewe, akashika mkono wa mama yake na kusema yuko tayari, amehama kutoka kauli ya kutendwa. Hakutogwa, ametoga. Hapo mtaka uzuri na mwenye kudhurika huwa tena mtu mmoja, na methali ya wahenga ikarudi kuwa kweli.